Mama Aline Hakusema Anastaafu

Na Rispah Mutua, Maktaba

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi katika Shule ya Msingi ya Bungarra Road, Bi Spéciose Nahimana, msaidizi wetu wa lugha, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 20 Machi. Hivyo ndivyo ofisi ilivyoniagiza nianze, nami nimetii. Kuanzia hapa naendelea kwa akili yangu, maana niliombwa kuandika ukurasa wa Kiswahili wa programu hii ya sherehe ya kumuaga, na sidhani kuna aliyepanga kuusoma kabla haujachapishwa.

Mama Aline, kama tunavyomwita sote, alizaliwa Burundi, akalea wanawe kambini mkoani Kigoma, na alipofika Sydney alianza kwa kufagia madarasa haya haya. Siku moja mwalimu mkuu wa wakati huo alimkuta ameegemea ufagio, akimweleza mzazi Mkongo kwa nini mwanawe anatakiwa kwa daktari wa macho, huku mwalimu wa darasa amesimama pembeni akingoja kutafsiriwa. Muhula uliofuata akapewa kazi ya kukaa na watoto wapya na kuwasemea wazazi. Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wa huku Rooty Hill tumepita mezani kwake, na wengine wetu mpaka leo tunampigia simu tukipata barua ya serikali.

Kazi haikukosa vichekesho. Mwaka wake wa kwanza shule ilitangaza Mufti Day, yaani siku ambayo watoto huja bila sare. Hakuna aliyetuambia maana hiyo. Kwetu mufti ni kiongozi mkuu wa Waislamu, basi wazazi wakajipanga kumpokea. Baba mmoja wa Tanga alifika na kanzu iliyonyooshwa kwa pasi, kina mama Warundi wa parokia wakaja kuuliza kwa heshima mgeni atakula nini, na umati mzima pale langoni ukangoja gari ambalo halikuja. Mama Aline alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile akaweka sheria yake: hakuna neno la shule litakalovuka lango kabla aliyelisema hajaulizwa ana maana gani.

Laiti sheria hiyo ingefuatwa mwezi uliopita.

Mwaka jana Bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya ya msaada wa lugha shuleni. Ilisifiwa kwa maneno laini: wepesi, teknolojia, uhuru wa kuchagua. Mimi neno laini likitoka bungeni hushika mkoba wangu. Ndani yake mna kifungu kinachosema wasaidizi waliopo hawataguswa, ila mmoja akistaafu kwa hiari yake, nafasi yake inaondoka naye, na wazazi watahudumiwa kwa simu. Hakuna anayefukuzwa, mnaona. Wanangoja tu tuzeeke. Ndugu Ishmael, msaidizi wa lugha wa shule moja upande wa Cabramatta, alistaafu majira ya baridi. Pale palipokuwa na kiti chake sasa pana printa. Wazazi hupewa simu yenye muziki, na wengi huikata kabla muziki haujaisha. Dalili ya mvua ni mawingu.

Basi mwezi uliopita Mama Aline alihitaji ruhusa ya Ijumaa moja, aende mafungo ya Kwaresima na kina mama wa kanisa. Naibu mwalimu mkuu, Bi Kerry, alisoma Kifaransa zamani na hupenda kukinoa akikutana naye kwenye korido. Mama akamwambia kwa Kifaransa: “Vendredi vingt mars, je pars en retraite,” yaani, Ijumaa tarehe ishirini Machi naenda retraite. Katika lugha hiyo, retraite ni mafungo ya kiroho, na ni kustaafu pia. Bi Kerry akachukua maana ya pili, akamkumbatia, machozi yakamlengalenga. Mama akadhani Waaustralia wameanza kuwa watu wa sala.

Hilo lilikuwa kosa la kweli, na Bi Kerry namwamini. Lisiloniingia akilini ni mwendo wa yaliyofuata. Ofisi hii ilichukua muhula mzima kubadilisha taa ya maktaba. Safari hii keki iliagizwa, ukumbi ukapangwa, na mgeni kutoka idara ya elimu akathibitisha kuja, kabla mtu yeyote hajamuuliza mwenyewe swali hata moja. Na juzi, alipoeleza wazi kwa Kiingereza kwamba alimaanisha kanisa, aliambiwa kwa tabasamu kwamba labda ni wakati mzuri hata hivyo. Labda. Simshtaki mtu. Nauliza tu lile tabasamu lilitumwa na nani.

Niseme na la upande wa pili, nisije nikaitwa mchochezi. Mama Aline amechoka. Magoti yanamsumbua, na binti yake Aline anataka ahamie kwake Lidcombe akapumzike. Aliposikia mara ya kwanza kwamba eti anastaafu, aliniambia, “Rispah, true, nimeipenda ile neno. Retirement. Mwili yangu ilifurahi kabla ya mimi.” Nilipomweleza kile kifungu aliuliza jambo moja: Elvire atakaa na nani? Elvire ni mtoto wa darasa la pili aliyekuja kutoka kambini mwaka jana. Alikaa miezi bila kutamka neno, na sasa anatamka, lakini kwa kumnong'oneza Mama Aline sikioni, na si kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, waheshimiwa mliokaa mbele, karatasi ya kustaafu kwa hiari mliyomwekea chini ya kadi ya kumuaga haina sahihi yake, wala haitakuwa nayo. Kama hamsomi Kiswahili msijali, msaidizi wa lugha bado tunaye, atawatafsiria. Keki tutaila. Ijumaa Mama atakuwa kanisani, na Jumatatu atakuwa mezani kwake na magoti yake yale yale, kwa sababu Bunge limefanya mapumziko yake yawe hasara ya mtoto wa mtu. Linaniuma hilo, na sitalificha kwa ajili ya sherehe.

Asante, Mama Aline, kwa miaka yote hii. Mapumziko mema umeyastahili kitambo, na sisi tunaokupenda ndio tunaokuomba uyaahirishe. Utusamehe. Tunakutakia kazi njema.