Maneno ya Mnyapara Revelian Siku ya Kuagwa Ghalani Kurasini, 1954

Mheshimiwa Jumbe wa Temeke. Bwana Mohamedraza, mwenye ghala hili, pamoja na Bibi Shirinbai. Bwana Afisa wa Idara ya Kazi. Ndugu wageni waalikwa. Makarani na wapagazi wenzangu, na wake zenu mliotoka Temeke na Chang'ombe kuja kuniaga: salaam.

Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri ya shukrani. Itabaki mfukoni. Leo asubuhi nilipofika hapa nilimkuta mtu amesimama juu ya kiti, kiti kiko juu ya meza, na meza iko juu ya magunia ya mbata, hizi nazi zetu kavu, anafunga hayo maua ya karatasi mnayoyaona juu ya vichwa vyenu. Nikamwuliza, "Ngazi iko wapi?" Akanijibu, "Iko ukutani, Mnyapara, lakini ni mbali." Mbali! Nimekwenda kuzihesabu hatua. Ni thelathini na mbili.

Ndugu zangu, nimewasimamia miaka kumi na tisa. Nimesema mpaka sauti imenikauka. Nimesema ngazi ishikwe chini, nimesema usipande na mzigo mikono yote miwili, nimesema usijinyooshe pembeni kama mtu anayechuma embe la jirani, shuka uisogeze ngazi. Mnaitikia, "Ndiyo, Mnyapara." Nikigeuka tu, mtu yuko juu peke yake, anapiga mluzi. Je, mnadhani nayasema haya kwa kupenda kelele? Basi leo nitawaeleza kwa nini nayasema, maana wengi wenu mmeajiriwa juzi na hamkuwapo.

Mwaka 1949, wakati wa masika, bati la ghala hili lilivuja juu ya mbata iliyokuwa ikingoja meli. Tulikuwa na ngazi moja tu. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, ukawa mfupi kuliko wa pili, na watu walizoea kuuwekea kifuu cha nazi chini yake ili isimame sawa. Nilikataza isipandwe. Nilimwambia Bwana Mohamedraza kwamba tunahitaji ngazi mpya, naye akasema, "Ngoja meli hii iondoke, Revelian." Nikangoja. Ngazi nikaiegemeza nyuma ya mlango.

Siku hiyo saa nne nilikwenda gatini na karani. Huku nyuma maji yakazidi, na Leonardi hakuweza kuvumilia kuona mbata inaloa. Leonardi mnamjua, ndiye huyu aliyeketi mbele na fimbo yake. Wakati ule alikuwa hashiki fimbo. Alikuwa hodari kuliko wote katika kupanda, na siku za ngoma watu wa Temeke walimfungulia njia. Akaitoa ngazi nyuma ya mlango, akaweka kifuu, akamwita Mwinshehe amshikie.

"Umeshika?"

"Nimeshika, panda."

Akapanda hadi juu kabisa. Mara gari la mzigo likafika nje, dereva akapiga honi, anataka lango lifunguliwe. Akapiga tena na tena. Mwinshehe akasema moyoni kwamba ni dakika moja tu. Akaachia. Sakafu ilikuwa na maji, na mafuta ya mbata mnayajua yanavyoteleza. Kifuu kikachomoka, ngazi ikaondoka, na Leonardi akaangukia chuma cha mizani.

Niliporudi nilikuta wamemlaza juu ya ubao wa mlango. Paja lilikuwa limevunjika. Akanishika shati, akaniambia, "Mnyapara, usimwambie Felicitas kwamba nilipanda ile. Nilimwahidi." Basi mkewe alikuwa anaijua ngazi yetu kuliko Bwana mwenyewe!

Felicitas alitukuta hospitali. Hakulia. Akaniuliza, "Mzee Revelian, ulijua kwamba ni mbovu?"

"Nilijua, mama. Nilikataza isipandwe."

"Ulikataza, kisha ukaiacha mlangoni?"

Nilirudi hapa kwa miguu, nikachukua msumeno, nikaanza kuikata ngazi vipande vipande palepale uani. Bwana Mohamedraza akatoka ofisini. "Revelian, unaharibu mali yangu?" Nikamwambia, "Ndiyo, Bwana." Akaniangalia, akaiangalia ngazi. Kisha akaja akakanyaga ncha ya pili ya ngazi, isiyumbe nikikata. Juma lilelile zikaletwa ngazi tatu mpya, nami namshukuru mbele yenu, ingawa namwambia pia mbele yenu kwamba zilichelewa kwa juma moja.

Leonardi alilala miezi minane. Na Mwinshehe je? Kwa mwezi mzima hakuna aliyekula naye. Akanijia akasema, "Nipe ruhusa nikalime mihogo Mbagala. Hapa kila mtu akinitazama anaona ngazi." Nikamkatalia. Nilikuwa nimemkasirikia, sikatai, lakini nilijua na mimi nina kosa langu. Tangu siku ile, miaka mitano, mtu akipanda, Mwinshehe yuko chini. Mwaka jana siafu walimpanda mpaka magotini wakati fundi yuko juu ya bati. Alitukana siafu wote wa Kurasini, machozi yakamtoka, wala hakuachia mpaka fundi alipotia mguu chini.

Bwana ameniuliza nani ashike kazi yangu. Nimemtaja Mwinshehe. Najua mmenong'ona: yule aliyemwangusha mwenzake? Ndiyo, yule yule. Mna macho ya kuona kosa la miaka mitano iliyopita, ila hatua thelathini na mbili hamzioni!

Sikumtaja kabla ya kwenda nyumbani kwa Leonardi kumwuliza, maana mwenye haki ya kukataa ni yeye. Aliunyoosha mguu wake kwa mikono miwili, Felicitas naye amesimama mlangoni anasikiliza. Kisha akasema, "Mpe. Mguu huu ungeniruhusu kupanda tena, ningetaka yeye ndiye ashike."

Sina la kuongeza juu ya hilo. Asanteni nyote kwa kuyasikiliza maneno ya mzee mwenye hasira. Mwinshehe, acha kujificha nyuma ya nguzo. Njoo hapa mbele, watu wamwone mnyapara wao.