Maboksi ya Chumba cha Nyuma

Benchi lipo chini ya baraza ya duka lililofungwa, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Upande mmoja hukaa Kiraka, fundi viatu, na nyuzi zake na gundi. Katikati hukaa Asilimia, karani mstaafu wa ghala, ambaye hajawahi kutoa hoja bila kuitia hesabu. Mwishoni yupo Mama Birika, muuza kahawa, na jiko lake la mkaa. Alasiri hiyo Kompresa, fundi friji, alifika akiwa ameshika kiuno, akakaa taratibu kama anayekalia mayai. Mkewe alikuwa amekwenda stendi kumpokea wifi yake, dada mkubwa wa Kompresa, aliyefiwa na mume na sasa anakuja kuishi nao. Kabla ya kutoka alisema neno moja tu: "Nikirudi, chumba cha nyuma kiwe kitupu." Na chumba cha nyuma kimejaa maboksi, ya friji, ya feni, ya vipuri, miaka nenda miaka rudi, mpaka dirisha halionekani. Mwisho wa mtaa kuna banda la karatasi chakavu linaloyapokea, lakini hufungwa mapema. Angesema tu, "Jamani, njooni mnisaidie kubeba," habari ingekwisha. Lakini mtu mzima, mbeba mafriji, kuomba asaidiwe maboksi matupu? Aliona haya. Akauliza kwa kuzunguka:

— Hivi mtu akiwa na maboksi mengi, ninyi mngeyafanyia nini?

Ikawa mtama umemwagwa kwenye kuku wengi.

— Usitupe! alisema Kiraka, uzi mdomoni. Hata neno lenyewe linakukanya. Taka maana yake nini? Kutaka. Takataka ni kitu cha kutakwa mara mbili.

— Mimi sikuyataka hata mara moja. Yalikuja na friji za watu.

— Vizuri. Akiba haiozi.

— Inaoza, kaka. Ya chini yameota ukungu.

— Hayo ya chini ndiyo mazuri, alisema Mama Birika. Unabandua utepe, unayalowesha, unayatandika chini bustanini, juu unamwaga majani na maganda. Magugu hayapandi, na udongo unakuwa mweusi tii. Mimi nilifanya.

— Kwani una bustani? aliuliza Kompresa.

— Nilikuwa nayo. Mwenye nyumba kajenga.

Kiraka alivua kofia kuiheshimu ile bustani. Kompresa aliangalia kivuli cha ukuta. Kilikuwa kimeshavuka mtaro.

— Bustani ni kupoteza mali, alisema Asilimia. Asilimia themanini ya boksi ni hewa. Hewa inazuia joto. Piga dari la maboksi, chumba kitapoa kuliko friji zako.

— Hesabu hiyo umeitoa wapi? aliuliza Kiraka.

— Ghalani.

— Ghalani ulikuwa unalala.

— Nililala juu ya maboksi! Ndiyo maana nayajua.

— Na bati likivuja?

— Usiache mbachao kwa msala upitao.

Methali hiyo ilifikaje darini, hakuna aliyekuwa na nguvu za kuuliza.

— Lile banda la karatasi siku hizi linafungwa saa ngapi? alisema Kompresa.

— Achana nalo, alisema Kiraka. Wanachukua kitu kizima wanakwenda kukisaga. Fikirini mbele, jamani. Mimi boksi nalikata, nalitia ndani ya kiatu, mteja anatembea kama kakanyaga godoro. Tukifungua kiwanda, mtaa mzima unavaa boksi.

— Siku ya mvua?

— Siku ya mvua watu wakae nyumbani. Kila mtu kachoka.

Hapo walikubaliana wote. Kompresa alitaka kuidaka nafasi hiyo, lakini Asilimia alikuwa amesimama, na Asilimia akisimama hakai mpaka dunia imepangwa upya.

— Mnachezea viatu! Kitanda je? Gundisha mapande, moja wima, moja limelala, linabeba mtu na mkewe. Baada ya kitanda, kabati. Baada ya kabati, nyumba. Ukigombana na jirani unaikunja nyumba, unaitia kwapani, unahama. Samaki mkunje angali mbichi!

— Na choo unakikunja? aliuliza Mama Birika.

— Choo kinabaki kwa jirani. Sikilizeni basi. Hata ukifa, jeneza la boksi. Jepesi, halikati mti. Asilimia mia moja ya maiti hawatalalamika.

Kiraka alicheka peke yake, akaacha. Mama Birika alimtazama Asilimia.

— Dada yake huyu ametoka kuzika.

Asilimia akakaa.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa.

— Haidhuru.

Kompresa aliona hapo hapo ndipo pa kusemea.

— Jamani, kusema kweli, nilichokuwa nataka ni...

— Kahawa, alisema Mama Birika kwa upole. Kimebaki kikombe kimoja. Chukua wewe, leo unakihitaji.

Angekikataaje? Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa bado anapuliza aliposikia mlango wa chuma ukiburutwa kule mwisho wa mtaa, kisha komeo. Hakugeuka.

Mkewe alitokea upande wa pili, na dada nyuma yake, kavaa kanga nyeusi, kakumbatia katoni iliyofungwa kamba. Ndivyo vitu vyake vyote.

— Shikamoo dada, alisema Kompresa, akijaribu kuinuka. Kiuno kikakataa.

— Marahaba, mdogo wangu. Kaa, kaa. Hamjambo hapa?

— Hatujambo, walijibu wa benchini. Pole sana, mama. Pole na safari. Pole na msiba.

— Nimeshapoa. Haya, chumba changu kipo wapi? Nataka kujinyoosha kidogo tu.

Mke alimtazama mumewe. Kiraka alikumbuka kiatu cha mtu, akainama kukishona. Asilimia alianza kuhesabu matofali ya ukuta. Mama Birika alilipindua birika, likatoa machicha ya kahawa.

Dada aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alishusha katoni yake chini.

— Basi sogeeni kidogo, alisema.

Wakasogea. Tangu alasiri ianze, hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyofanyika pale.