Mkono Uliokatikia Kiwandani

Mgeni rasmi, Bwana Ognyan Vasev, mkuu wa ofisi ya bima ya jamii ya mkoa. Mwajiri wetu, Bwana Plamen Dichev. Majirani wote mliofika.

Sisi, wafanyakazi thelathini na saba wa kiwanda cha kusindika pilipili hoho cha kijiji cha Gorno Lozye, tumekupokea kwa mkate na chumvi kama mama zetu walivyotufunza. Umemega, umechovya, umekula. Sasa wewe ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haambiwi uongo.

HISTORIA
Kiwanda kinatimiza leo miaka ishirini. Kilianza na masufuria manne katika banda la kukaushia tumbaku.

MAFANIKIO
Msimu huu tumejaza chupa nyingi kuliko msimu wowote. Tena ubao wa langoni unasema hatujawahi kupata ajali kazini. Jana Bwana Dichev aliisoma rasimu ya risala hii, na sehemu hii ilimfurahisha sana. Rasimu aliyoiona iliishia hapa.

CHANGAMOTO
Ubao ule unasema uongo. Mgeni rasmi, tunajua mwajiri wetu sasa atasimama. Tunamwomba aketi, umebaki ukurasa mmoja tu.

Mwaka jana, tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu asubuhi, mashine ya kusagia ilikwama. Kifuniko chake cha kinga kilikuwa kimeng'olewa tangu Juni ili kazi iende mbio. Radostina Mineva, ambaye hapa sote tunamwita shangazi Radka, alitia mkono kuchomoa pilipili. Mashine ikaamka ghafla, ikauchukua mkono wa kulia mpaka juu ya kifundo.

Tulimfunga kwa aproni. Kinachofuata tunakisema kwa aibu. Hatukuita gari la wagonjwa. Tulimbeba kwanza hadi jikoni kwake, nyumba ya nne kutoka langoni, tukamkalisha sakafuni, ndipo tukapiga simu. Njia nzima Bwana Dichev alitembea ubavuni mwake akimsihi, "Radka, dada yangu, sema umekatwa na mashine yako ya kusagia nyama. Kiwanda kikifungwa, hawa wote watakula nini?"

Shangazi Radka akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Akasema, "Haya. Ni ya nyumbani." Fomu zikajazwa hivyo.

Alikubali kwa kuwa aliamini kwamba ukiutia mkono mwenyewe, kosa ni lako na haki huna. Nasi tuliamini hivyo hivyo. Mwezi uliopita wakili mmoja, aliyekuja kijijini kununua pilipili tu, alimwona akifunga mfuko kwa meno. Akamuuliza: ilitokea wapi, nani aliona, kinga ilikuwepo? Akamweleza kwamba ajali ya kazini ni mzigo wa mwajiri, na kosa dogo la mfanyakazi haliui haki yake. Mwajiri asipoitoa taarifa, majeruhi anaweza kuipeleka mwenyewe, mradi mwaka haujapita.

"Mashahidi unao?" wakili akauliza.

"Ninao kiwanda kizima," akajibu shangazi Radka, "ila wote mabubu."

Jibu lile lilitufikia, na limetuwasha kuliko pilipili.

MAOMBI
Leo ni tarehe kumi na tatu. Mwaka unatimia kesho. Hatuombi barabara, wala vyoo vipya, ingawa vyoo tunavihitaji sana. Tunaomba neno moja. Palipoandikwa "nyumbani", paandikwe "kazini".

Mkate uliokula ameukanda shangazi Radka kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana umeinama upande mmoja. Tafadhali inua kitambaa kilicho chini yake. Utakuta taarifa yake ya ajali, na nyuma yake maelezo ya kila mmoja wetu aliyekuwepo, pamoja na sahihi. Aliyembeba ameandika kwamba alimbeba. Aliyeosha sakafu ameandika kwamba aliosha. Huenda kesho lango hili likafungwa kwetu, na tunaogopa, hatufichi. Lakini ofisi yako iko wazi hadi saa kumi na moja leo, nasi tutakusindikiza hadi mlangoni.

Mungu akupe afya, na mikono ya watu wa nyumbani kwako ibaki miwili miwili.

Ni sisi,
tuliokuwa mabubu wa Gorno Lozye.