Diski Iliyojaa Kitu Kisichoonekana

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa studio ya picha, chini ya ukingo wa bati, pale mitaa miwili inapokutana na kila gari lazima lipunguze mwendo. Bi Buli huweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa pembeni, na wenyewe wa benchi hufika mmoja mmoja kama watu wanaoingia kazini. Kuna Mzee Posta, aliyestaafu kazi ya kupanga barua lakini hakustaafu kujua habari za kila nyumba. Kuna Fundi Saa, ambaye kibanda chake kiko hatua chache tu kutoka hapo, ila saa za watu anazitengenezea hapohapo kwenye benchi, juu ya goti. Na kuna Kocha. Kocha aliwahi kufundisha timu ya mtaa msimu mmoja, ikashuka daraja, na mpaka leo huongea kama mtu aliyezungukwa na wachezaji. Mwenye studio wanamwita Lenzi. Yeye si mtu wa benchi. Hutoka kunyoosha mgongo tu, kisha akarudi kazini. Siku hiyo alitoka, akakaa, wala hakuomba kahawa.

— Mmiminie, Bi Buli, alisema Mzee Posta. Huyu leo ana jambo.

— Kompyuta, alisema Lenzi.

— Bado inakokota miguu?

— Ingekokota ingekuwa afadhali. Nimeiwasha, nimeoga, nimekunywa chai, nimerudi, bado inawaza. Ilipofunguka nikachomeka ile diski ya nje ninayoweka picha za wateja. Folda zote zimegeuka vishale.

— Vishale vipi?

— Jina la mteja liko palepale, lakini pembeni kuna kamshale kadogo. Ukibofya, unaambiwa hakuna kitu. Harusi hakuna. Mahafali hakuna. Yule mama na wanawe wawili, hakuna.

Hapo Bi Buli, aliyekuwa akipepea mkaa, aliacha kupepea.

Yule mama walimkumbuka wote. Alikuja studio akiwa amemshika mkono kijana wake mdogo, yule karani wa hospitali anayeandikisha wagonjwa dirishani. Kumbe mkubwa, muuza mabati, alikuwa ameshaitwa na kukalishwa ndani. Wale ndugu walikuwa hawasemezani miaka na miaka. Mmoja akiingia msibani kwa mlango wa mbele, mwingine anatokea uani. Siku ile mama yao aliwasimamisha kila mmoja upande wake, akamwambia Lenzi apige, na asipige moja tu. Alipoulizwa zisafishwe zipi, alisema atarudi kuchagua mwenyewe. Hakurudi. Aliugua ghafla, akafariki.

— Karani amenipigia asubuhi, alisema Lenzi. Kaka yake anasafiri leo, amepata kazi ya mkataba nje. Anataka kuondoka na picha ya mama. Karani yuko njiani kuja kuichukua.

— Umemwambiaje?

— Nimemwambia aje.

Akaitazama barabara. Kadi ya kamera alishaifuta siku nyingi, maana alijua picha ziko salama kwenye diski.

— Tusiende mbio, alisema Fundi Saa, akikivua kile kioo chake cha kukuzia jichoni. Mashine ikiwa nzito, sababu ni vumbi. Mimi saa ikichelewa sianzi kulaumu wakati. Naifungua, naipuliza. Hiyo feni ya ndani imesokotwa na nywele za wateja wako wote wanaojichana mle ndani.

— Vumbi linafuta folda?

— Vumbi linaleta joto. Joto linalegeza gundi. Picha zimebandikwa na nini mle ndani?

Hakuna aliyejua picha zimebandikwa na nini, kwa hiyo hoja ikapita.

— Si vumbi, alisema Mzee Posta. Hicho ni kirusi, na kirusi ni barua isiyo na anwani. Sisi tulikuwa nazo. Ukiipokea moja mbaya, inazunguka kwenye mifuko yote. Lenzi, nani amechomeka flashi yake hapo kwako?

— Nani hajachomeka, mzee? Wanafunzi, watu wa vipeperushi, yule wa nyimbo.

— Basi ni wa nyimbo. Kirusi kinapenda mahali penye sauti. Na mimi nimesikia hakivumilii baridi. Ukiiweka ile diski kwenye friji tangu jioni mpaka asubuhi, kinaganda. Asubuhi unakung'uta.

— Unakikung'utia wapi?

— Nje. Mbali na nyumba.

Kocha alikuwa amekaa kimya muda wote, na Kocha akinyamaza ujue anapanga kikosi.

— Ninyi mnacheza kwa kurudi nyuma, alisema. Jiulizeni nani anafaidika. Kuna studio mpya upande ule wa pili wa barabara. Ina kioo, ina kiyoyozi. Nyaya zao za umeme zinatoka nguzo ipi? Hiyohiyo ya Lenzi. Mtu akichomeka kirusi kwenye soketi kule, kinashuka na waya, kinaingia huku.

— Basi hata pasi yangu ina kirusi, alisema Bi Buli.

— Umeshawahi kuipima?

Bi Buli akarudi kupepea mkaa wake, ila Lenzi aliona ameitazama nguzo ya umeme kwa jicho la kuiba.

— Sikiliza, Lenzi, Kocha akaendelea, sasa akimgeukia mzima mzima. Ile programu ya kuua virusi niliyokwambia uweke, uliweka?

— Niliweka.

— Na ya kwangu? aliuliza Mzee Posta.

— Nayo pia.

— Nami nilikupa ya mpwa wangu, alisema Fundi Saa.

— Zote tatu zimo.

— Una mabeki watatu na bado umefungwa, alisema Kocha. Hapo hakuna dawa nyingine. Unavunja timu. Unafomati kompyuta, unafomati diski, kila kitu, unaanza na uwanja mweupe. Picha zenyewe umesema hazipo. Unalinda nini?

Lenzi alilirudia lile swali kichwani. Unalinda nini. Aliwaza atakavyomtazama yule karani usoni, akaona kuwa atakuwa afadhali akiwa na la kumwonyesha: kwamba amehangaika, kwamba amesafisha, kwamba hakukaa tu kunywa kahawa. Mtu aliyeharibikiwa hupenda kushika kitu chochote, hata kama ni ufagio. Akainuka, akaingia ndani, na benchi zima likamfuata likajazana mlangoni.

Chumba kilikuwa kidogo: pazia la samawati la kupigia picha, kiti kirefu, meza yenye kompyuta na mashine ya kuchapia. Kompyuta ilikuwa ikinguruma kama inapanda mlima. Alisogeza kipanya, kishale kwenye kioo kikatulia, kikafikiri, kisha kikaruka ghafla kama kimesukumwa. Akafika kwenye diski. Akafungua pale pa kufomati. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana vyote vilivyomo vitafutika.

— Bonyeza, alisema Kocha.

— Ngoja kwanza nijaribu friji, alisema Mzee Posta. Haina gharama.

— Hodi, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa yule karani, bado na sare ya kazini, kitambulisho cha hospitali kikimning'inia shingoni. Walimpisha bila kuambizana. Lenzi aliondoa mkono kwenye kipanya na kusimama, akamweleza yote kwa mkupuo kama mtu anayetapika: vishale, folda, kadi aliyoifuta. Hakuficha kitu. Karani alimsikiliza huku akitazama kioo, na uso wake haukubadilika. Labda watu wa dirisha la hospitali huzoea kusikia.

— Pole, kaka, alisema karani mwishowe. Sasa hapo ulikuwa unataka kufanya nini?

— Kufuta kilichobaki.

— Kipi kilichobaki?

— Hakuna kitu.

Karani akainama, akasoma yale maandishi madogo.

— Hapa wanasema diski imekaribia kujaa. Kama picha hazimo, imejaa nini?

Fundi Saa alimtazama Mzee Posta, Mzee Posta akamtazama Kocha. Kocha alikohoa.

— Vumbi, alisema Fundi Saa, lakini kwa sauti ya chini, na hakulirudia.

Lenzi akakaa taratibu. Lile swali lilimwingia kama maji ya baridi. Alikuwa ameitazama ile mistari miwili ya maandishi asubuhi nzima asiisome. Alilifunga lile dirisha la kufomati kwa uangalifu, kama mtu anayemtoa mtoto karibu na kisima.

— Kazini kwetu iliwahi kutokea, alisema karani, akivuta kiti kirefu. Mafaili yote ya wagonjwa yakageuka vishale. Watu wakalia. Kumbe kirusi hakikuwa kimefuta chochote. Kilikuwa kimeyaficha tu, kikaweka vishale mahali pake ili ukibofya ukipe nafasi ya kusambaa. Lakini ninyi nyote mnajua kutumia kompyuta, labda mmeshajaribu kuangalia yaliyofichwa.

— Tulikuwa tunaelekea huko, alisema Kocha.

Lakini kwanza ile kompyuta ilikataa kwenda. Kila walipobofya, dirisha moja liliibuka likisema limemkamata adui, kisha la pili likasema adui ni la kwanza, la tatu likaomba kuruhusiwa kuwakagua wote wawili. Lenzi alipoyaona hayo na mwenzake kando, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa peke yake.

— Hizi tatu zinapigana zenyewe, alisema.

— Ndiyo maana inapumua hivyo, alisema karani. Walinzi watatu wamefungiwa chumba kimoja, kila mmoja anampekua mwenzake. Kazi itafanyika saa ngapi?

Wakaziondoa mbili, wakabakiza moja. Shingo zikarefuka mlangoni, maana kila mmoja alikuwa akisubiri kujua kama ni ya kwake iliyobaki. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha. Mngurumo ukashuka. Ile iliyobaki ikapewa kazi ya kuisafisha kompyuta na diski, ikakikuta kirusi, ikakiondoa. Vile vishale vikatoweka. Sasa diski ilionekana nyeupe kabisa, bila hata jina.

— Sasa ingia kwenye mpangilio, alisema karani. Mwambie aonyeshe vilivyofichwa. Na hapo chini, hata vile anavyoviita vya mfumo.

Lenzi akaweka alama pa kwanza. Akaweka pa pili. Akabofya kukubali.

Folda zikatokea, hafifu, kama vitu vinavyoonekana nyuma ya pazia. Harusi. Mahafali. Vipeperushi. Mtoto wa siku arobaini. Lenzi alishusha kidole kwenye kioo, jina baada ya jina, mpaka alipofika kwa mama. Akaifungua. Picha zikajipanga.

Hakuna aliyepiga kelele. Fundi Saa alitoa pumzi ndefu mpaka mabega yake yakashuka. Mzee Posta alivua kofia, akajipepea nayo. Machozi yakamlenga Lenzi, naye akayaacha.

Kwenye picha ya kwanza mama alikuwa anatazama kamera, na wanawe wakitazama kila mmoja ukuta wake. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Ya tatu, ilionekana wazi kuwa mama amewashika vifundo vya mikono, kila mmoja kwa mkono mmoja, amewabana kama askari aliyekamata wezi wawili sokoni. Na kwenye ya mwisho mkubwa alikuwa ameangalia chini, akauona ule mkono, akashindwa kujizuia. Mdogo alikuwa amemwona mkubwa anacheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Karani aliitazama hiyo muda mrefu.

— Hii, alisema. Angechagua hii.

Akatoa simu. Waliomsikia walisikia maneno machache tu: zipo, zote, wewe njoo.

Lenzi alizinakili zile picha kwenye kompyuta, kisha kwenye kadi mpya, kisha akamtumia karani kwa simu, na alipokosa mahali pengine pa kuziweka ndipo akaiwasha mashine ya kuchapia. Muuza mabati alifika na begi la safari begani, akasimama mlangoni, akaiona picha ikitoka taratibu: nywele za mama kwanza, paji la uso, macho. Alimwekea mdogo wake mkono kichogoni, kama mtu anavyomshika mtoto anayevuka barabara, na karani hakuutoa.

Walitoka wakakaa kwenye benchi kusubiri nakala ya pili ikauke. Watu wakasogea kuwapa nafasi. Kocha akabaki nusu yake ikining'inia hewani. Bi Buli akawamiminia wote, na Lenzi safari hii akakiomba kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili.

— Nataka kuuliza kitu, wanangu, alisema Bi Buli. Msinione mdaku. Ninyi mligombania nini?

Muuza mabati akafungua mdomo.

— Ilikuwa, alianza. Akamgeukia mdogo wake. Mwambie.

— Wewe ndiye mkubwa.

— Ilikuwa ile siku ya... Si wewe ulisema neno?

— Neno gani?

— Mimi nilijua wewe ndiye unakumbuka.

Wakatazamana. Mmoja akaanza kutikisika mabega, kisha wa pili, na ile picha ikabidi Lenzi aipokee isije ikakunjika.

Kocha alivuta pumzi, akanyoosha kidole. Alikuwa na maelezo. Mzee Posta akamwekea mkono gotini, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari, Kocha akakishusha kidole na kunywa kahawa yake.