Asnath Habakuki na Gauni Lililorudishwa Mara Mbili

Bibi Asnath Habakuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kambi ya mkonge, Mnyuzi, wilaya ya Korogwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Habakuki, mkata mkonge.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mnyuzi, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Kuendelea hakukuwepo. Mwaka 1975 alipelekwa Korogwe mjini kujifunza ushonaji kwa fundi Hiza. Miezi mitatu ya kwanza hakugusa kitambaa kipya. Alikuwa anafumua nguo kuukuu tu, uzi mmoja mmoja, aone zilivyounganishwa. Alisema alimchukia sana yule mzee. Baadaye wanafunzi wake naye akawafanyia vile vile.

Tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa na babu Fransisko, dereva wa trekta, wakahamia Handeni. Walijaliwa watoto watatu. Babu alifariki mwaka 2004.

Mwaka 2006 alianza kufundisha wanawake kushona, barazani kwake, kwa vyerehani vitatu vya miguu. Wengi walikuwa wanachoma mkaa au wanalima vibarua. Walianza kwa kukata karatasi za mifuko ya saruji. Leo wapo Handeni, Mkumbara mpaka Makuyuni, wanashona sare za shule, na watoto wao wanakula kwa cherehani. Mpaka mwaka jana, aliowaita fundi kwa mdomo wake walikuwa sitini.

Dada Fatu, aliyekuwa bado anajifunza kwake, hakuwemo. Yeye alikata mikono ya shati la mteja bila kukunja kitambaa, yote miwili ikatoka ya kushoto, na akaishona hivyo hivyo. Akasema, "Bibi, ufundi basi. Narudi kwenye mkaa."

Bibi akamjibu, "Mtafute mtu mwenye mikono miwili ya kushoto, umvalishe. Ukimkosa, kaa ufumue. Siku nikikosa cha kufumua kwenye kazi yako, umekuwa fundi."

Fatu akakaa.

Mwezi Februari mwaka huu Bibi aligundulika ana saratani ya tumbo. Alitibiwa, na Agosti akaomba arudishwe nyumbani. Akamwita Fatu, akampa kitambaa cheupe, akamwambia ampime gauni la kuzikiwa. Fatu alilia. Bibi akasema, "Lia pembeni, usinilowanishie kitambaa."

Gauni alilirudisha mara mbili. Kwanza kola, halafu pindo. "Nitalala nalo muda mrefu," alisema.

Jumamosi tarehe 6 Septemba Fatu alilileta mara ya tatu. Bibi aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kila mshono, taratibu, mpaka chai yake ikapoa. Wembe wa kufumulia ulikuwa mkononi. Akauweka chini.

"Kunja, fundi," akasema.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Anazikwa leo kando ya babu Fransisko. Gauni alilovaa ndilo hilo.

Ameacha watoto watatu, Dunstan, Eliseta na Sadala, wajukuu tisa, na mafundi sitini na mmoja.

Mungu amlaze pema. Darasa litafunguliwa Jumatatu. Ufunguo anao fundi Fatu.