Zumra Karabašić, Mwosha wa Wanawake wa Borås (1951–2023)

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na leo mchana tumemrudisha kwake Bibi Zumra Karabašić. Haya ndiyo maisha yake kama familia inavyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kozaruša, Bosnia, mtoto wa seremala Husein Forić na mkewe Đula. Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la nane. Kurani alisomeshwa na shangazi yake jikoni, huku wakitandaza unga wa pita, mkate wa kwao wa kujazwa nyama. Shangazi huyo ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, na kazi hiyo alimrithisha.

Mwaka 1976 aliolewa na Rasim Karabašić, fundi wa reli, wakajaliwa Nihad na Almina. Julai 1992, wakati wa vita, Rasim alichukuliwa na watu wenye silaha. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2004. Marehemu hakuolewa tena, wala hakupenda kuyazungumza hayo.

Januari 1993 alifika Borås, Uswidi, na watoto wake na begi moja. Alishona mapazia kiwandani mpaka alipostaafu mwaka 2016. Jumamosi alisomesha watoto madrasa katika chumba cha chini cha jengo lao, na kila alipofariki mwanamke wa kwetu Bosnia, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha.

Aliogopa jambo moja: watoto wake wakue wema, wapate kazi nzuri, lakini wawe wageni kwa Mola wao. Desemba 1994 Almina, akiwa na miaka tisa, alichaguliwa shuleni kuimba katika maandamano ya Lusia, sherehe ya Waswidi yenye jina la mtakatifu wa Kikristo, wasichana wakiwa na kanzu nyeupe na mishumaa. Marehemu hakujua kama ile ni ibada au ni wimbo tu, na hakuwa na wa kumuuliza. Akapiga simu kwamba mtoto ana homa. Jioni mwalimu akaja na mikate ya zafarani kumjulia hali mgonjwa, akamkuta mgonjwa anapiga deki ngazi.

Mwalimu alipoondoka, Almina aliuliza, "Mama, kuimba ni haramu. Na uongo je?"

"Kula mkate wako," marehemu akamjibu.

Kesho yake alikwenda shuleni kuomba radhi kwa Kiswidi cha kuungaunga. Mwaka uliofuata Almina aliimba, safu ya nyuma, kwa kanzu iliyoshonwa na mama yake kwa kitambaa cha mapazia.

Almina alihamia Göteborg kusomea ujenzi wa madaraja, na huko akaacha kuswali. Hawakugombana. Alipokuja, marehemu alimpikia, akamuuliza habari za kazi.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwosha naye huoshwa, na mjini hapa hakuwa amebaki mwingine wa kwetu anayejua. Wanawake wa msikiti wa Göteborg walijitolea. Aliwashukuru, akakataa. Alimtaka Almina.

"Mimi? Mama, hata sura za Kurani sizikumbuki."

"Sijakuambia usome. Nimekuambia unioshe."

Akamfundisha kwa mwili wake mwenyewe, asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti bafuni. Upande wa kuume kwanza. Sehemu usiyoiosha, ifunike. "Polepole, mwanangu, mimi si gari." Nihad, nje ya mlango, aliwasikia wakicheka. Marehemu hakumuuliza binti yake kama atarudi kuswali.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 16 Mei 2023. Ameacha mwanawe Nihad na mkewe Karin, binti yake Almina, wajukuu wawili, na dada yake Fata aliyeko Kozaruša.

Leo asubuhi Almina aliingia kumwosha. Karin alimshikia ndoo. Almina hakukosea mpangilio. Dua zilipompotea alisema bismillahi, na alipomaliza mkono mmoja akaisema tena, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, mpaka nyayo.

Mola ampokee akiwa safi, kama alivyotoka mikononi mwa binti yake.