Shuka za Kijani za Mzee Fridolin

Kwanza wenzangu mnisamehe. Kamati ya maagano iliniomba wasifu huu mwanzoni mwa Kwaresima, na sasa Pentekoste imeshapita. Ni kweli nina mtoto anayeota meno, lakini si yeye aliyenichelewesha. Nilikuwa nasubiri ruhusa ya mtu, na nimeipata Jumapili.

Mzee Fridolin Octavian anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu hapa Ifakara. Alitoka kwao Mahenge akiwa kijana, akaanza na mabeseni na sabuni ya mche. Mashine zilipokuja alizijua kwa mlio. Umeme ukikatika alirudi kwenye mabeseni bila kununa. Mvua aliinusa kabla hatujaona wingu. Akisema tuanue, tulianua hata jua likiwa kali, na wauguzi walimtania kwamba redio imwajiri yeye atangaze hali ya hewa.

Ila kwenye faili lake kuna barua moja ya onyo, ya mwaka 2017, na chanzo chake ni mimi. Nilikuwa mgeni kazini. Nilipita nyuma ya nyumba yake Kibaoni, nikaona shuka sita zimeanikwa, kijani kilekile cha chumba cha upasuaji. Nikamwambia msimamizi kwamba Mzee anaiba. Aliitwa, akasema shuka ni zake. Akaulizwa mwanamume mzima anafua shuka sita asubuhi za nini. Alisaini barua, akarudi kupiga pasi. Mtaani wakamwita Mzee Shuka, naye akaitika. Mimi aliendelea kunipokea mabeseni mazito.

Mwaka jana nilijifungua kwa shida. Nilirudi kazini mkojo unanitoka wenyewe, nimejifunga khanga tatu, sijamwambia mtu, hata Ignas mume wangu. Mzee aliona, maana nguo ndiyo kazi yake. Alikwenda kwanza kumwomba mkewe ruhusa, kisha akanipeleka kwake.

Mama Balbina aliitikia shikamoo yangu, akanifunulia godoro lake, limelowa mkojo. Ndivyo alivyo tangu uzazi wake wa mwisho, miaka ishirini na miwili sasa. Alipasuliwa mara mbili, haikusaidia. Kila alfajiri mumewe anafua shuka zake kabla hajaja kufua zetu. Kitambaa alinunua mwenyewe sokoni, cha aina ile ya hospitali, kwa sababu ndicho alichojua kinavumilia jiki na maji ya moto.

Nilipiga magoti kwa Mzee. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakujitetea.

"Mwanangu," alisema, "ningejitetea kwa kumvua nguo mama yenu. Altareni sikuapa hivyo."

Mama akadakia kwamba nisimsifu mno, kufua anajua lakini ugali wake una madonge.

Kanisani tunaambiwa mume ni kichwa cha nyumba. Sijasoma sana, lakini kichwa nilichokiona mimi kimeinama juu ya beseni. Mimi nilitibiwa nikapona. Ignas nilimpeleka kwa Mzee akaone kwa macho yake. Siku hizi nepi anafua yeye, tena anazianika mbele ya nyumba.

Jumapili baada ya misa Mama Balbina aliniambia niandike yote, na jina lake niliweke, maana amechoka mumewe kubeba jina la wizi kwa ajili yake.

Mzee wetu, asante. Mungu akuweke na mama yetu miaka mingi, na alfajiri zenu ziwe nyepesi.

Kabla ya tarehe 30 bado nahitaji niletewe: picha yake ya ujana iliyoko utawala, doti mbili za kitenge, moja ya Mama, shuka kumi na mbili za kijani, mpya, zisizo na mhuri wa hospitali, na ile barua ya onyo, itolewe kwenye faili. Msiichane. Iletwe kwangu niichane mimi mbele yenu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyeianzisha.

Stefania, chumba cha kufulia